Kibuyu cha Mwenyekiti

Alhamisi, 6 Machi 1997

Siku ya kamati. Nimebeba kibuyu tena. Kogo, kama tunavyomwita bibi wa nyumba hii, alinikabidhi mlangoni kabla sijafunga kamba za viatu, nimpelekee mwanawe. Mwanawe ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi na Mipango. Mimi ni msaidizi wa mipango katika baraza hilo hilo la mji, kanju, na nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya mama yake. Basi kazi ya kubeba mursik ikawa yangu, mimi mtu wa ziwani ambaye maziwa ya mgando hayajawahi kukaa vizuri tumboni mwangu.

Mwaka jana Mwenyekiti alikuwa akikifungua mezani mbele ya madiwani wote, anawamiminia mwenyewe, anajisifu. Hakuna mwanamke Bomet nzima anayejua mursik kama mama yangu! Tangu Januari hakifungui. Leo amekipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilipogeuka nikamwona anampa askari wa getini. Askari akanywa huku amekunja uso. Jioni nimerudisha kibuyu kitupu, Kogo akafurahi kukiona kitupu. Nikaenda zangu chumbani.

Ombi jipya limeletwa kamatini. Kampuni ya kukodisha magari inataka kujenga kituo cha kuosha magari yake na kuyajaza mafuta, kwenye ploti ya juu, ukingoni mwa mji. Nimepewa nikague, niandike ripoti. Nacheka. Nikague kitu ambacho tayari kinafanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kwenye ploti. Nimerudi na viatu vimeharibika na moyo umeharibika.

Magari yanatoka mbuga ya Mara na watalii, yanapita Mulot, yanafika hapa yamevaa vumbi na mavi ya ng'ombe mpaka kwenye vioo. Yanaoshwa hapo hapo kwenye mteremko. Hakuna sakafu. Hakuna mtaro wa maana. Hakuna shimo la kunasa mafuta. Injini wanazisugua kwa dizeli na brashi ya kupakia rangi, kisha wanazimwagia sabuni. Mapipa ya dizeli yamelala kwenye nyasi, pampu ya mkono inavuja. Ardhi pale imekuwa nyeusi, inateleza, inanuka hadi kooni.

Nikafuata maji yanakokwenda. Sikuhitaji kupima chochote, nilifuata tu ule mstari mweusi. Yanashuka katikati ya michai ya watu, yanapita chini ya ua, yanaingia kwenye chemchemi. Chemchemi ile ile. Upande wote huu wa bonde unachota pale. Kogo anachota pale. Mimi nachota pale.

Meneja wa kampuni akaniambia kwa ulaini wake, "Boss, usijali, hii ni ya muda tu. Mkishapitisha tutaweka simiti." Alinipa kofia yenye jina la kampuni. Nimeitupa chooni.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa Kogo aliniita ndani. Ugali, mboga, na kikombe cha mursik. Huwa ninakunywa kwa heshima tu, harakaharaka, kama dawa. Leo nilikunywa polepole, kwa sababu nilitaka kujua.

Kwanza majivu ya mti wa senetwet, yale yanayoyapa maziwa rangi ya kijivu. Kisha uchachu. Kisha, nyuma kabisa ya ulimi, dizeli.

Kibuyu huoshwa kwanza kwa maji. Kisha husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha senetwet. Kibuyu ni kikavu, kinanyonya kila kitu unachokipa. Miezi miwili sasa Kogo anakinywesha maji ya chemchemi ile. Pua yake imezibwa na moshi wa jikoni wa miaka yote hiyo, hanusi. Mwanawe ananusa vizuri sana. Anajua. Ndiyo maana anampa askari.

Na mwanawe huyo siku hizi anatembelea Land Rover. Haina maandishi mlangoni lakini mimi nimeiona kule kwenye ploti, inaoshwa. Mwaka huu ni wa uchaguzi, bonde hili lina matope, na kampuni ina magari.

Nasikia kinyaa. Si cha tumbo.

Jumanne, 11 Machi

Sheria inasema wananchi wapewe siku ya kusema. Tangazo limebandikwa leo. Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, kwenye ploti.

Jumatano!

Mtoto wa darasa la kwanza upande huu anajua Jumatano ni siku ya kuuza majani ya chai. Watu wako shambani tangu umande, mchana wako foleni kituoni na vikapu mgongoni wanangoja lori. Jani likilala linakuwa jekundu, karani wa kituo analimwaga, na kazi yako yote imekwenda. Hakuna mtu mwenye akili ataacha majani yake aende kusikiliza habari za kuosha magari. Karani wa Mji, bosi wangu, ana michai yake mwenyewe kule Boito. Anajua. Mwenyekiti alizaliwa ndani ya michai. Anajua zaidi.

Nikamwambia Karani tuhamishe iwe Alhamisi. Akasema diary yake imejaa. Nikasema Jumamosi. Akasema Jumamosi ni ya familia. Alikuwa anachokonoa meno wakati wote huo.

Jumatano, 19 Machi

Walikuja watu wa kampuni. Walikuja madiwani watano wa kamati, Mwenyekiti mbele. Na mbuzi mmoja, tayari ameshachinjwa.

Wananchi hawakuja. Kutoka pale tulipokuwa tumesimama ungewaona, migongo yao katika michai, mteremko mzima. Mama mmoja aliinua kichwa akatutazama, akarudi kuchuma. Mwenyekiti akatazama saa yake. Akasema kwa sauti ya mhubiri, "Wananchi wangu wako huru. Hawajakuja kwa sababu hawana shida na hii maneno." Wakapiga makofi. Karani akaniambia niandike, hakuna pingamizi.

Nikaandika: hakuna aliyehudhuria kwa sababu ni siku ya kuuza majani. Karani akasoma juu ya bega langu, akapumua.

Nyama ilichomwa palepale, karibu na mapipa. Walikula. Mafuta yanawatiririka kidevuni, dizeli inanuka, wanakula. Walipomaliza waliomba maji ya kunawa. Meneja akatoa maji ya chupa kwenye gari. Nawe fikiria. Watu wamesimama juu ya chemchemi, wananawa kwa maji ya chupa. Hilo pekee lilitosha kufunga mjadala, kama kungekuwa na mjadala.

Alhamisi, 20 Machi

Karani ameniita. Ripoti yangu ilikuwa mezani, imepigwa mistari. Nimeandika mahali hapa hapafai, chemchemi iko chini yake, kituo kihamishwe upande wa pili wa barabara ambako maji yanakwenda kwenye mtaro wa mji. Kiwanja kipo. Ni cha kanju. Hakuna anayepoteza kitu, hata kampuni.

Anataka niandike "hapafai bila masharti". Yaani panafaa na masharti. Yaani panafaa.

Nikakataa. Akaegemea kiti. Akaniambia taratibu, kama mtu anayekupenda, kwamba mimi ni mgeni hapa, na mgeni mwenye busara hafundishi wenyeji jinsi ya kuishi kwao. Tangu ile miaka ya fujo, wageni walipofukuzwa, kila mtu wa ziwani anajua maneno hayo yana kisu ndani. Niliondoka. Kwa hasira zaidi kuliko woga, lakini woga ulikuwepo.

Sitaibadilisha.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo kwa dakika chache, kisha harufu ya dizeli ikashuka kutoka juu. Chemchemi ina ngozi ya rangi rangi juu ya maji. Watoto wanaipenda, wanaichora kwa vijiti.

Tangi la bati la Kogo limeanza kujaa kutoka kwenye paa. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hii nikiwa bado na hasira. Afadhali niandike.

Kamati ya mwisho kabla ya Pasaka. Kogo alinipa kibuyu asubuhi. Safari hii hata nje alikuwa amekipaka mafuta, kinang'aa. Akasema, "Hii ni mzuri kapisa. Nimerudia mara mbili. Mwambie anywe yote."

Sikumpa Mwenyekiti getini. Niliingia nacho mkutanoni. Ombi la kampuni liliposomwa, nikaomba ruhusa, nikasema mama wa Mwenyekiti ametuletea mursik ya Pasaka, sisi sote. Nikamimina vikombe. Cha kwanza nikakiweka mbele yake.

Madiwani ni watu waliolelewa kwa maziwa haya. Niliona pua zao. Mmoja aligusa kikombe kwa mdomo akakirudisha mezani. Mwingine alikizungusha tu mkononi. Diwani mama, yule mmoja tuliye naye, alikunywa kidogo, akafumba macho, akameza kwa nguvu. Kisha wote wakamtazama Mwenyekiti. Upande huu mtu anaweza kukataa vitu vingi, lakini maziwa ya mama yake, mbele za watu, hapana.

Mwenyekiti akasukuma kikombe pembeni kwa kidole. "Daktari amenikataza maziwa. Vidonda vya tumbo."

Pale pale, karibu na mkono wake wa kushoto, kulikuwa na kikombe cha chai ya ofisi. Chai ya maziwa, nusu ameshainywa.

Hakuna aliyecheka. Nikasema, Mheshimiwa, maji yaliyoosha kibuyu hiki yametoka kwenye chemchemi iliyo chini ya ploti tunayoijadili. Nilisema kwa adabu, wala sikupaza sauti. Kwa dakika moja nilidhani nimeshinda. Nilidhani mtu akishanusa hawezi tena kujifanya.

Akaita kura. Mikono ikapanda. Yote. Diwani mama aliinua wake nusu, kama anajikuna shingo, lakini Karani aliuhesabu. Limepitishwa na masharti. Vikombe vyote vilibaki vimejaa mezani. Nilivimwaga mwenyewe kwenye sinki, nikafungulia maji mpaka yakatoka meupe.

Wangesema hawajui, ningewasamehe. Walinusa. Walijua kila kitu na wakainua mikono. Nawachukia leo. Sitaki hata kuandika vizuri.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Kanisa. Kisha nilimkuta Kogo nyuma ya nyumba, ameketi chini, amezungukwa na vijiti vya senetwet. Amekatakata, anavichagua kimoja kimoja, vingine anavitupa. Mikono imechubuka. Nikamuuliza ametoa wapi vyote hivyo. Akaonyesha juu kabisa ya kilima, kule msituni. Alipanda peke yake. Mwanamke wa umri ule, na mvua imefanya njia iwe sabuni.

Nikasema, Kogo, kwa nini? Kuna senetwet hapa hapa kwa ua.

Akaniambia bila kuniangalia. Mwezi wa kwanza mwanawe, Kipkemoi, alikuja, akaonja, akamwambia, "Mama, mkono wako umezeeka. Mursik yako siku hizi imeharibika." Tangu siku hiyo amekuwa akitafuta. Amebadilisha miti. Amebadilisha nyasi za ng'ombe. Amevunja kibuyu kimoja cha zamani, alichopewa na mama yake siku ya kuolewa, akidhani ndicho chenye kosa. "Na bado," akasema. "Pua yangu haisikii. Wewe uko na pua. Niambie. Ni mkono yangu?"

Miezi mitatu! Alijua ni dizeli. Akaona rahisi kumwambia mama yake kwamba amezeeka.

Nilichutama. Nikasema, si mkono wako, Kogo. Ni maji. Ni dizeli ya yale magari ya juu. Na Kipkemoi anajua, na jana wamepitisha.

Aliendelea kuchagua vijiti kwa muda mrefu. Kisha akaacha. Akauliza kitu kimoja tu, kama jana alikunywa. Nikasema hapana. Akauliza alisema nini. Nikamwambia habari za daktari na vidonda.

"Vidonda," akasema.

Akavikusanya vijiti vyote akavitia motoni, vibichi hivyo hivyo. Moshi ulitufukuza wote wawili.

Jumapili ya Pasaka, 30 Machi

Asubuhi kabla ya ibada Kogo alinipa mtungi mdogo, nikamchotee maji chemchemini. Nikamwambia tangi limejaa maji ya mvua mpaka yanamwagika. Akasema anajua. Nikaenda, sikuelewa. Niliyachota na ile ngozi yake ya rangi rangi.

Mchana nyumba ilijaa. Mwenyekiti alikuja na Land Rover na wageni wake, mchungaji, wazee wa kanisa, madiwani wawili wa kamati. Ni mwaka wa uchaguzi, hata Pasaka ni mkutano. Mimi nilikaa karibu na mlango. Kogo alivaa kitambaa chake cheupe. Akawamiminia wageni wote chai kutoka kwenye thamosi, chai nzito ya maziwa, nami pia. Ilikuwa ya maji ya mvua, tamu. Akamruka mwanawe.

Kisha akatoka jikoni na kikombe kimoja cha bati. Akakiweka mbele yake. Chai ya rangi.

Nyumba yenye ng'ombe anayekamuliwa, na mama anampa mwanawe chai ya rangi mbele ya wageni. Kipsigis wa hapa au mtu wa ziwani, hakuna mle ndani ambaye hakuelewa. Wenye kutafuna waliacha kutafuna. Nilinyoosha shingo nikaona juu ya ile chai kuna rangi zile, zinazunguka polepole.

Kogo alisema kwa Kiswahili, nadhani ili mchungaji asikie vizuri, maana naye si wa hapa. "Daktari amekukataza maziwa. Nimesikia. Basi hii haina maziwa. Ni maji ile yako umepitisha. Kunywa, Kipkemoi."

Akasimama akingoja. Mikono ameikunja tumboni.

Alimtazama mama yake, akatazama wageni, akatutazama wote mmoja mmoja kama anayetafuta nani ataongea kwanza. Angeweza kusema, mama, nimekosea, tutahamisha. Maneno machache tu. Niliomba ayaseme, kweli niliomba, kwa ajili yake yule mama, si kwa ajili ya chemchemi.

Alikunywa. Yote, mpaka chini. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akapangusa masharubu na kusema, "Tamu."

Kogo alichukua kikombe, akaangalia ndani kama kweli kimekwisha, akarudi jikoni. Hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimehamishwa. Kuanzia Jumatatu niko soko la Mulot, kukusanya ushuru wa mifugo. Karani alinipa mkono, akanitakia heri. Sikuukataa, kisha nikaenda kunawa.

Mulot si mbaya. Angalau mavi ya ng'ombe hayajifanyi kitu kingine. Nitaendelea kulala hapa kwa Kogo, nitakuwa nikienda na kurudi.

Kule juu wameanza kumwaga simiti. Wamezungushia waya. Maji bado yanashuka palepale.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya kamati, na mikono yangu haina kitu. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kukosa mzigo ambao hakuupenda.

Kogo sasa anapika kwa maji ya mvua. Mvua ikiisha atashuka mpaka mtoni, amesema, na mimi nimesema nitambebea. Kibuyu cha Kipkemoi kimetundikwa ukutani, kikavu, mdomo umeangalia ukuta.

Asubuhi hii kabla sijatoka dereva wa Land Rover alikuja. Kijana mwenye adabu. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi. "Kogo, Mheshimiwa amesema nikuje nichukue mursik. Kuna wageni wa kutoka Nairobi, anataka waonje ya mama yake."

Kogo alikuwa anafagia. Hakuacha kufagia. Akamwambia, "Mwambie ng'ombe imekauka."

Dereva akamshukuru, akaondoka. Nyuma ya nyumba ng'ombe alikuwa analia, kiwele kimejaa, anangoja. Kogo akamaliza kufagia mpaka mlangoni. Akaweka ufagio, akachukua ndoo, akaenda kumkamua.